Jiwe la Jenerali Landeros na Wembe wa Baba

Jumanne, 10 Novemba 1964

Mkutano ukumbini. Habari kubwa. Serikali ya jimbo inaweka mawe kando ya barabara kila mahali alipopita Jenerali Crispín Landeros wakati wa Mapinduzi. Mawe ya maana, kimo cha mtu mfupi, kila moja na bamba la shaba lenye sura yake na ndevu zake. San Onofre tutapata moja. Litazinduliwa tarehe ishirini, sikukuu yenyewe ya Mapinduzi. Limebaki swali moja tu: lisimame mlangoni kwa nani?

Don Eleuterio Zubiate alisimama kabla meya hajamaliza kuuliza. Huyo ni mwoka mikate, duka lake linatazamana na saluni yangu, na kila asubuhi tangu nizaliwe nimekula moshi wake bure. Akasema jeshi la Jenerali lilikula mkate wa tanuri la baba yake. Makofi. Mimi nikasimama. Nikasema Jenerali mwenyewe alinyolewa na marehemu baba yangu, Melitón Arriaga, kwa wembe ninaoutumia hadi leo.

Kicheko. Meya alicheka mpaka akafuta macho kwa tai. Maana kila mtoto wa shule anajua kwamba Jenerali aliweka nadhiri asiguse ndevu mpaka aingie mji mkuu kwa ushindi. Hakuna picha yake isiyo na ndevu. Don Eleuterio akauliza, kwa upole kabisa, baba yangu alimnyoa nini, kwapa?

Baba alikufa akiitwa Kinyozi wa Hewa. Hata makaburini mtu alilinong'ona jina hilo na mimi nikamsikia. Baba alikuwa mlevi wa Jumamosi, mbishi, mvivu wa kufagia. Mwongo hakuwa. Jiwe lile litasimama mlangoni pangu na watu wataacha kucheka. Nimeapa. Chole, mke wangu, amesema niape baada ya kula, maharage yanapoa.

Alhamisi, 12 Novemba

Mpango wa kwanza. Safi sana. Kiti cha kunyolea ni kile kile cha baba. Kikiwa na tundu la risasi, nani atabisha kwamba vita vilipita hapa? Tatizo dogo: hakina tundu. Nikaazima keekee kwa seremala. Nikalala chali chini ya kiti, kwa sababu huko mkono unafika vizuri, nikatoboa. Nikachoma kingo kwa mshumaa. Kazi ya fundi. Nikajipongeza kwa kahawa.

Mchana akaja Katibu Olvera wa Tume ya Mawe. Suti ya kijivu, miwani, kalamu tatu mfukoni. Nikamkaribisha aketi kiti cha historia. Akaketi. Akaruka. Kumbe nimeacha chuma kilichochongoka mle ndani. Akainama akachungulia, akachungulia tena, kisha akaniuliza kama Jenerali alipigwa risasi akiwa ameketi, na kama adui alikuwa amelala sakafuni.

Nikamjibu kwamba vita ni jambo la ajabu. Akasema ni kweli. Akavuka barabara kwenda kwa Don Eleuterio, akachechemea kidogo, na nilimwona kwa dirisha akipewa mkate mtamu na chokoleti ya moto. Olvera si mla rushwa. Ana njaa tu, na mimi sikulifikiria hilo.

Chole amesema kwa tundu lile sasa ninaweza kupandia maua.

Jumamosi, 14 Novemba

Mpango wa pili: shahidi. Bi Prisca, mama yake Don Eleuterio, ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokuwa watu wazima mwaka wa 1914, Jenerali alipopita. Alikuwa bi harusi mpya pale kwenye tanuri. Hatoki siku hizi. Anakaa jikoni, anakemea wanaokanda unga. Nikamtuma Chole na jagi la uji wa mahindi, ampigishe soga, amvute taratibu.

Chole alikaa huko asubuhi nzima. Akarudi na mkate, jagi tupu na habari za ndoa mbili. Kuhusu Jenerali je? Bi Prisca alisema askari walikuja, wakala, hawakulipa. Na kunyolewa? Hapo, anasema Chole, bibi alicheka peke yake, akauliza kama mimi, Fidencio, bado nina mikono myepesi kama ya babangu.

Huo si ushahidi. Hiyo ni dharau. Nimemfuta Bi Prisca kichwani.

Jioni meya akatangaza: jiwe litakaa mlangoni kwa mwoka mikate. Don Eleuterio alitoa mikate bure uwanjani. Sikula. Nilikula mmoja tu.

Jumapili, 15 Novemba

Nimepata! Ilinijia kanisani, katikati ya mahubiri, nikashindwa kukaa kimya kwenye kiti.

Hapa San Onofre hakuna kitu cha umma kinachobarikiwa bila baba wa ubatizo. Kengele inaye. Pampu ya maji inaye. Taipureta ya meya inao wawili, kwa sababu ya ugomvi. Na baba wa ubatizo huchukua kitu chake, akakaa nacho nyumbani hadi siku ya baraka, akakivisha nguo nyeupe, kama tunavyofanya na sanamu ya Mtoto Yesu. Kwa hiyo anayekuwa baba wa ubatizo wa jiwe, jiwe hulala kwake. Na likishalala kwangu, nani ataliamsha?

Padri alipouliza baada ya misa ni nani atalisimamia jiwe la Jenerali, nilikuwa nimesimama tayari. Don Eleuterio akawa mweupe kama unga wake. Kukataa mbele ya altare ni aibu. Akameza mate, akaja, akanikumbatia. Kuanzia leo mimi na yeye ni makompadre, mwenye mtoto na msimamizi wake, mpaka mmoja azikwe. Makompadre hawagombani. Hawanyimani kitu. Hawasemani vibaya hata wakiwa peke yao.

Chole ameniuliza kama nimelifikiria hilo la mwisho. Nimemwambia ni jambo dogo.

Jumanne, 17 Novemba

Jiwe limefika kwa lori. Zuri! Jeusi, zito, ndevu za shaba zinametameta. Nilisema waliteremshe hapo tu, mbele ya saluni, lingojee. Nikalifunga shuka jeupe la Chole lenye lesi. Watu walisimama kutazama. Mteja mmoja aliingia kunyolewa kwa sababu ya jiwe peke yake. Laiti baba angeliona hili.

Kwa kuwa makompadre hawanyimani, nimevuka barabara nikamwomba kompadre Eleuterio mfuko wa saruji, nikasema ngazi yangu imevunjika. Hakuuliza neno. Alikwenda stoo mwenyewe, akarudi na mfuko umefungwa kamba, akanibebea mpaka mlangoni. Alitabasamu. Nilimwonea huruma, kusema kweli.

Jumatano, 18 Novemba

Saa ya kulala mchana. San Onofre yote imelala, hata mbwa. Mimi nikachimba shimo, nikaweka jiwe kwa nondo na jasho, nikachanganya mchanga na ule mfuko, nikamimina. Mchanganyiko ulikuwa mlaini ajabu. Saruji bora, nikajisemea. Mgongo umekatika lakini jiwe limesimama.

Mji ukaamka ukalikuta. Watu wakaja, mikono kiunoni. Kompadre naye akaja. Nilikuwa nimeandaa majibu ya matusi yote ninayoyajua. Akavua kofia. Akasema, "Kompadre, umelipatia mahali pazuri, pana kivuli." Akavaa kofia, akarudi kwenye mikate yake.

Nimeshinda na sioni raha yake. Adui asiyetukana ni adui wa namna gani?

Alhamisi, 19 Novemba

Nimeamshwa na kuku. Kuku wa mtaa mzima, wamelizunguka jiwe, wanadonoa msingi. Nikawafukuza, wakarudi na jamaa zao. Nikainama, nikaonja. Majivu ya tanuri na unga ulioingia wadudu. Jiwe lilikuwa limeinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Upande wa pili wa barabara kompadre alikuwa akifagia mahali palipokwisha fagiliwa, hanitazami, mabega yanatikisika.

Sikuweza kumtukana. Ndugu yangu wa ubatizo!

Kisha bahati ikageuka. Katibu Olvera alipita na mpiga picha. Nikajua nimekwisha. Lakini mpiga picha akasema upande huu jua linakaa vizuri, na mti utamkinga mjumbe wa gavana. Olvera akatazama saa. Akasema lisimame hapo hapo, litiliwe saruji ya kweli jioni, yaishe. Mlangoni pangu! Kwa amri! Niliingia ndani nikambusu Chole na sabuni ya kunyolea usoni. Nikauchukua wembe wa baba nikauambia.

Ndipo Bi Prisca aliponiita.

Alikuwa jikoni kwake, ameketi kando ya tanuri. Akasema, "Kaa hapo, mtoto wa Melitón. Sio hapo. Kwenye gunia." Nikakaa kwenye gunia la unga. Akanieleza, na ninaandika kama alivyosema.

Jenerali hakuja San Onofre na jeshi. Wale waliokula bila kulipa walikuja kabla. Yeye alikuja siku nyingine, ameshindwa vita, hana farasi, akaingia kwa mlango wa uani. Askari wa serikali walikuwa darajani wakimsaka mtu mwenye ndevu mpaka kitovuni. Bi Prisca akavuka barabara kumwita baba yangu. Jenerali akakataa, akataja nadhiri yake. Baba akamwambia, "Jenerali, nadhiri ni yako, lakini shingo ni ya Mapinduzi." Jenerali akakaa kwenye gunia. Akanyolewa huku analia. Bi Prisca anasema mikono ya baba haikutetemeka hata kidogo, na kelele za askari zilikuwa zinasikika.

Ndevu wakazichoma tanuri hili hili. Mkate wa siku ile haukulika. Kisha Bi Prisca akamvisha sketi yake na mtandio wake, akamtwika sinia la mikate. Jenerali Crispín Landeros akavuka daraja akiuza mikate. Askari mmoja alinunua akamwita shangazi. Ile miezi aliyopotea, ambayo vitabu vinasema alikuwa milimani akipanga vita? Bibi akasema alikuwa akingoja ndevu ziote.

Aliwaapisha wote wawili: sketi isitajwe kamwe. Baba akilewa aliropoka kunyoa. Sketi hakuitaja. Angeitaja, kila mtu angemwamini, maana hakuna anayeweza kubuni jambo kama lile. Walimcheka miaka yote ile na jibu alikuwa nalo mdomoni. Hakulitoa. Hata kwangu. Hata kitandani alipokuwa anakufa.

Nimelia pale kwenye gunia. Naandika wazi, hakuna anayesoma humu isipokuwa Chole.

Bi Prisca akasema atalisema hadharani kesho. Jenerali ana mawe jimbo zima, Melitón hana hata kokoto, na yeye amechoka kubeba siri. Lakini atalisema mlangoni kwake, kwa sababu hapa ndipo ilipotokea. Mbele ya jiwe lililokaa mahali pa uongo hafungui mdomo.

Nikamwambia nitalisema mwenyewe, mlangoni pangu. Akasema, "Wewe? Nani atakuamini wewe, mwanangu? Wewe si ndiye mwenye kiti kilichopigwa risasi ya makalio?"

Nikatoka. Nikalitazama jiwe. Mlangoni pangu, kwa amri ya Tume, na jua zuri. Sikuwahi kushinda kitu maishani. Hata bahati nasibu ya kanisa sijawahi kupata bata. Nikakaa ngazini mpaka Chole akatoka kuniuliza kama naumwa. Nikamweleza. Hakunitania. Aliniuliza tu, ninataka jiwe la nani, langu au la baba?

Nikavuka barabara nikamwambia kompadre Eleuterio alete wanaume wenye mabega. Hakuelewa. Mamake hajamwambia. Nikamwambia lipelekwe kwake, asiniulize. Lilitoka shimoni bila kubisha, kuku wakatusindikiza.

Ijumaa, 20 Novemba

Bendi. Bendera. Mjumbe wa gavana juani, anatokwa jasho, na Olvera ananitazama kama nimemwibia. Padri akanyunyiza maji. Mimi baba wa ubatizo nikavuta shuka. Bamba lasema: JENERALI CRISPÍN LANDEROS ALIPITA HAPA. Makofi.

Ndipo Bi Prisca alipotoka jikoni kwa fimbo yake. Watu hawajamwona mchana kwa miaka. Akasema yote. Gunia, wembe, machozi, sketi. Sauti haikuwa kubwa lakini hapakuwa na aliyekohoa. Alipofika kwenye shangazi, Olvera akamwashiria kiongozi wa bendi apige muziki. Kiongozi wa bendi akateremsha tarumbeta yake akaendelea kusikiliza.

Alipomaliza, watu walitazamana. Niliogopa. Nikafikiri wamekasirika, wamevuliwa Jenerali wao wakapewa mwanamke mwenye sinia. Kisha mchinjaji, mzee wa marafiki wachache na maneno machache, akasema kwa sauti, "Kwa hiyo bila San Onofre hakuna Mapinduzi." Hapo uwanja ukalipuka. Watu wanarusha kofia. Mjumbe wa gavana naye akarusha yake, nadhani alitii tu upepo.

Olvera akaja kutuomba kwa adabu jambo hili lisisambae. Akauomba mji mzima, mmoja mmoja. Masikini, alikuwa bado anaomba jua lilipokuwa linazama.

Lakini ninalotaka kuandika ni hili. Kompadre Eleuterio alikuwa amesimama kando ya mama yake, uso umemwanguka. Hakuwa anajua. Akaja mbele yangu, akavua kofia, na mbele ya watu wote akasema, "Kompadre, baba yako alimnyoa Jenerali jikoni kwetu, na mimi nimemcheka tangu nikiwa mtoto. Nisamehe wewe, kwa sababu yeye siwezi kumfikia." Nilitaka kusema neno kubwa. Nikamkumbatia, na unga wake ukanishika kwenye koti jeusi, sikuupangusa.

Halafu wanaume wakaanza kuja saluni. Si kunyolewa. Walisimama mlangoni wakaomba kuuona wembe. Wazee waliomwita Kinyozi wa Hewa. Niliwaonyesha mmoja mmoja. Nilisema, huu ndio. Wa Melitón Arriaga. Basi. Sikuongeza chumvi hata chembe, na mimi mwenyewe nilishangaa.

Tumekwenda makaburini na Chole, tukampelekea baba tamale, yale maandazi ya mahindi, na chupa yake ya Jumamosi, ingawa ni Ijumaa.

Jumamosi, 21 Novemba

Nimelala usingizi wa mtu mwema. Nimeamka na amani. Nimetazama jiwe kwa dirisha, mlangoni kwa kompadre, nikasema ni haki. Mwanamume anayeweza kuacha kitu ni mwanamume mkubwa. Nimemwambia Chole hivyo, kisha nikamwambia tena.

Wakati wa kahawa nikawaza jambo. Kuwaza tu.

Jenerali alinyolewa, sawa. Lakini kunyolewa hakukumvusha daraja. Kilichomvusha ni sketi. Na sketi ile, nani aliishona? Bi Prisca hakuwahi kushona hata kifungo. Hilo analijua kila mtu. Mji mzima ulikuwa na cherehani moja mwaka ule, na cherehani hiyo ilikuwa ya nani? Ya mama yangu! Au ya shangazi yake. Iko mahali fulani ndani ya ukoo. Kwa hiyo kuna jiwe la pili ambalo San Onofre inalidai Tume, na jiwe hilo, kwa haki kabisa, bila hila yoyote, mahali pake ni mlangoni pangu.

Nimemwandikia Katibu Olvera. Nimemweleza kwamba sketi yenyewe ninayo, imehifadhiwa na familia kwa heshima. Atakuja Jumatatu.

Imebaki kazi ndogo. Sketi ya Jumapili ya Chole iko kwenye sufuria ya kahawa tangu asubuhi, inazeeka vizuri. Nimeikata pindo kidogo kwa wembe, kama mtu aliyekimbia vichakani. Chole anaitafuta, kesho ana misa. Nimemwambia sijaiona.